Kana Kwamba Nyingine Haipo

Juzi mpwa wangu wa kidato cha tano alinikalisha sebuleni. Ana mtihani wa fizikia, na njia yake ya kusoma ni kumfundisha mtu asiyejua. Asiyejua nikawa mimi.

“Anko, hapa kwenye kona kuna nukta tupu,” akaanza, huku anachora pembetatu yenye pembe mraba. “Juu yake, mita 3, kuna chaji chanya. Kulia kwake, mita 3 vilevile, kuna nyingine. Tunatafuta uga wa umeme hapa kwenye nukta. Yaani, ukiweka hapa chaji ndogo, itasukumwa kwa nguvu gani, kuelekea wapi?”

Nikamwambia azijumlishe tu, yaishe. Akacheka.

“Hapana. Unachukua moja, unaipigia hesabu kana kwamba nyingine haipo kabisa. Halafu ya pili, hivyohivyo. Ndipo unajumlisha, kila moja na mwelekeo wake.”

Ya kwanza, maikrokulombi 3, ikatoa newtoni 3000 kwa kila kulombi. Ya pili, maikrokulombi 4, ikatoa 4000. Jumla si 7000, maana moja inasukuma chini na nyingine inasukuma kushoto. Jibu ni 5000, kwa mshazari.

Mtoto akaenda kulala. Mimi nikabaki na yale maneno yake: kana kwamba nyingine haipo.

Miaka kadhaa nyuma, gazeti nililokuwa nafanyia kazi lilitoa habari ya mama mmoja, mweka hazina wa kikoba, aliyedaiwa kula pesa za wenzake. Mwenzangu ndiye aliyeandika. Mhariri akaipitisha. Mpiga picha akaleta picha. Mimi niliombwa kichwa cha habari tu, nikakitoa kwa dakika mbili, kikali. Watu wakakisambaza WhatsApp. Hesabu za kikoba zilipokuja kukaguliwa, pesa zote zilikuwepo. Mama alikuwa keshahama mtaa.

Kila nilipomkumbuka, nilijitetea kwa kugawanya. Tulikuwa wengi, lawama ukiigawa kwa watu wote wale, fungu langu ni punje.

Sasa, kwenye daftari la mpwa wangu hakuna hatua ya kugawanya. Ongeza chaji ya tatu, ya kumi, ya mia, ile 3000 ya kwanza haipungui. Kinachobadilika ni jumla. Wingi wetu ulibadilisha kilichompata yule mama, lakini haukupunguza nilichomfanyia mimi.

Umbali unahesabiwa, ndiyo. Tangu Coulomb, yule Mfaransa wa mwaka 1785, tunajua kwamba ukiwa mbali mara mbili nguvu inabaki robo. Jirani aliyemzomea mlangoni alimuumiza kuliko mimi niliyekuwa ofisini. Ila robo si sifuri, na hata ukienda mbali kiasi gani, hesabu ile haikupi sifuri.

Baadaye tulichapisha masahihisho, ukurasa wa ndani. Ofisini tukaona tumemaliza: baya moja, jema moja, ngoma droo. Daftarini lipo swali la namna hiyo pia. Chaji mbili zilizo sawa, nukta katikati kabisa, uga sifuri. Lakini sogea kidogo tu upande mmoja, uga unarudi, maana chaji zote mbili bado zipo palepale. Sifuri yetu ilikuwa ya ofisini. Mtaani kwake, ambako kichwa cha habari kilifika na masahihisho hayakufika, hakuna kilichofutika.

Utaniambia binadamu si chaji. Chaji haichagui, wala haiichochei jirani yake. Kweli kabisa, na hapo ndipo hesabu inaponiwia nzito zaidi: mimi nilichagua maneno, na watu waliyasambaza kwa sababu yalikuwa makali. Walichokifanya ni chao, lakini kiberiti kilikuwa changu.

Namba ya yule mama nimeipata. Tangu juzi naandaa la kumwambia, na kila mara sentensi inajianza yenyewe: “Mama, shikamoo. Tulikosea…” Nafuta. Naanza upya: “Mama, shikamoo. Kile kichwa cha habari nilikiandika mimi.”