Sharti la Mtoaji

Wanavyuoni wametufunza kwamba sadaka hubatilika kwa masimbulizi, na kwa hiyo tajiri atoaye mali yake kisha akaifungamanisha na sharti hutazamwa kwa jicho la shaka, kana kwamba alichokitoa kwa mkono mmoja amekikamata kwa wa pili. Aghalabu shaka hiyo ni ya haki, hasa Marekani, ambako nyumba nyingi za sanaa zimejengwa na matajiri waliopenda majina yao yasomwe milangoni. Lakini sioni kuwa yawastahili John na Dominique de Menil, ambao huko Houston, Texas, walitoa kwa sharti, na sharti lenyewe ndilo lililoitakasa hidaya.

Mali yao ilitokana na kampuni ya Schlumberger, iliyoasisiwa na Conrad, babake Dominique, pamoja na nduguye, ikatajirika kwa kupima matabaka ya ardhi katika visima vya mafuta. John na Dominique walikuwa Wafaransa waliokimbia vita, Wakatoliki, na walimsikiliza sana Padri Marie-Alain Couturier, Mdominiko aliyeshikilia kwamba Kanisa likitaka kazi ya sanaa na liwaendee mafundi wakubwa wa zama zake, hata wasiokuwa waumini, kuliko kuridhika na mafundi dhaifu wenye uchaji. Ndipo mwaka 1964 wakamwendea Mark Rothko, Myahudi mzaliwa wa Dvinsk, wakamtaka aipambe nyumba ya ibada. Naye akawafanyia picha 14 za zambarau iliyokolea na weusi, zisizo na sura ya mtu, wala malaika, wala msalaba. Rothko alijiua Februari 1970, na nyumba ikafunguliwa mwaka uliofuata, si kanisa la Kikatoliki kama ilivyokusudiwa awali, bali mahali pa watu wa dini zote, ikaitwa kwa jina la mchoraji. (Mwislamu, aliyezoea kuswali akikabili ukuta usio na sura, pengine hastaajabu sana akiingia humo.)

Sharti ninalolisema lilihusu mchongo wa chuma wa Barnett Newman, Broken Obelisk: mnara uliovunjika, ukapinduliwa juu chini, ncha yake ikasimama juu ya ncha ya piramidi. Mwaka 1969 walijitolea kuuchangia mji wa Houston upate mchongo huo, maadamu utawekwa kwa kumbukumbu ya Martin Luther King, aliyeuawa mwaka uliotangulia. Wakuu wa mji wakakataa. Lau akina de Menil wangalikuwa watu wa riya, wangalilifuta jina la King wakabaki na shukrani za mji mzima. Lakini waliununua wenyewe, wakausimamisha katika kidimbwi mbele ya nyumba ya Rothko, na John, kwa mzaha mkali, akapendekeza yachongwe pale maneno ya Yesu ya kuwaombea msamaha wasiojua watendalo.

Sisemi kwamba walikuwa malaika. Jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 1987, ingawa kiingilio chake ni bure, limeitwa kwa jina lao. Na si jambo dogo kwamba watu wawili, kwa sababu ya fedha tu, wawachagulie maelfu nini cha kutazama. Lakini sharti la 1969 halikuwarudishia wao chochote. Lilimdai mpokeaji amheshimu mtu aliyemchukia, na waliokataa kulipa deni hilo walikuwa wakuu wa Houston, si hao waliotoa.