Sura za Waliokufa kwa Maradhi ya Korona: Zachorwa kwa Ajili ya Nani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mwezi wa Machi mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa maradhi ya Korona yameenea ulimwenguni. Baadaye shirika hilo likakadiria kuwa katika miaka miwili, 2020 na 2021, walikufa watu wapatao milioni 15 zaidi ya wale ambao wangalikufa kwa kawaida, wengine kwa maradhi yenyewe na wengine kwa shida zilizoletwa nayo. Na juu ya msiba huo palizidi jambo zito. Wengi walikufa peke yao, na pahala pengi ahali zao hawakuruhusiwa kuwaosha, wala kuwatazama nyuso kwa mara ya mwisho. Mtu alitoka nyumbani kwake akipumua kwa taabu, na watu wake hawakumwona tena.

Ndipo wakatokea wachoraji katika miji mingi, wakichora sura za marehemu mmoja mmoja kwa kuangalia picha walizopewa na jamaa, kisha wakawapelekea wafiwa. Huko Detroit, Marekani, tarehe 31 Agosti 2020, zilisimamishwa picha kubwa takriban 900 za watu wa mji huo kandokando ya njia za kisiwa cha Belle Isle, na magari ya wafiwa yakapita mbele yake kwa msafara. Basi lazuka suala: mama wa Kiislamu aliyefiwa na mwanawe namna hiyo, akiletewa sura yake iliyochorwa, aipokee au airudishe?

Kwanza yapasa kuifahamu haja ya mama huyo. Yeye hataki kuabudu kitu. Alilolikosa ni kuuona uso wa mwanawe kabla haujafunikwa, na analoliogopa ni mwanawe kuwa hesabu tu katika khabari za kila jioni. Haja hiyo si upuuzi. Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, wala hakuona haya kwa machozi yake.

Ama hukumu yake, wanazuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika watu wa pwani ya Waswahili, kuchora kiumbe kamili mwenye roho ni haramu. Wengi katika wafuasi wa Imamu Malik wamelikaza katazo katika sanamu yenye mwili na kivuli, na mchoro wa juu ya karatasi wakauhesabu kuwa makuruhu. Na picha ya kamera aliihalalisha Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, kwa hoja kuwa ni kuzuia kivuli alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, wala si kuumba kipya. Kwa kauli hiyo, picha ya kamera aliyo nayo mama yule sandukuni ni nyepesi kuliko mchoro anaoletewa.

Na sababu ya ukali huo yajulikana katika khabari ya watu wa Nabii Nuhu. Ibn Abbas amepokewa akieleza kuwa Wadd na Suwa' na wenzao walikuwa watu wema. Walipokufa, watu wao wakasimamisha sanamu zao katika mabaraza yao ili wawakumbuke. Waliozisimamisha hawakuziabudu. Walipokwisha kufa wao, na elimu ikasahauliwa, ndipo zikaabudiwa. Mlango ulifunguliwa kwa mapenzi, na walioangamia ni waliokuja baadaye.

Akisema msemaji: Nani leo atakayeisujudia picha ya bibi yake? Huambiwa: Huenda asiwepo. Lakini iko khatari iliyo karibu zaidi, nayo ni picha kukaa mahali pa wajibu. Mtu huitundika ukutani, akaona amekwisha kumtimizia marehemu haki yake, na hali deni la marehemu halijalipwa na yatima zake hawajulikani wamekula nini. Wino haumfikii aliye kaburini. Yamfikiayo, kama alivyofundisha Mtume, ni sadaka yenye kudumu, na elimu yenye kunufaisha, na dua ya mtoto mwema.

Tauni ya Amwasi katika nchi ya Sham, mwaka 18 wa Hijra, iliwachukua Abu Ubaida na Muadhi bin Jabal. Hapana sura yao iliyoachwa, na hata leo watajwa. Ibn Hajar wa Misri alifiwa na binti zake watatu kwa tauni, naye akatunga kitabu kizima juu ya maradhi hayo, chenye faida kwa kila aliyefiwa. Na huko London, mwaka 2021, wafiwa walichora ukutani, ng'ambo ya mto kuielekea Bunge, nyoyo nyekundu zaidi ya 150,000, moyo mmoja kwa kila maiti, bila ya uso hata mmoja. Kumbe yawezekana kumtenga mtu na hesabu pasi na kumchora.

Basi mama yule na amshukuru aliyemletea sura, kwani alikusudia wema. Na akiwa ni mfuasi wa Shafi, amwombe badala yake aandike jina la mwanawe, na siku aliyokufa, na wema aliokuwa akiutenda. Na jirani ajaye kumkemea kwa ajili ya picha, ajiulize kwanza: Je, alikwenda kumpa taazia? Alimsalia marehemu sala ya ghaibu? Alimsaidia kulipa deni? Ikiwa hakufanya hata moja katika hayo, na aanze kwa hayo, kisha ndipo aseme juu ya picha.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika maradhi hayo, awahesabu pamoja na mashahidi, na awape subira waliobaki. Amin.