Moshi Ndio Hufungua Masikio Yenu

Sikieni, nyinyi wazazi wa Kenya, nyinyi walimu wakuu, nyinyi wajumbe wa bodi mnaokunywa chai ofisini huku mabweni yakinuka. Kila muhula wa pili mnatuchosha kwa mshangao wenu. Bweni limeungua, mnashika vichwa, mnauliza ni shetani gani amewapanda watoto wa siku hizi. Shetani mwacheni. Aliyeingia na kibiriti ni mtoto wenu mliyemlea, na mara nyingi alikwisha kusema kabla hajawasha.

Machi 1998 wasichana zaidi ya 20 waliangamia motoni katika shule ya Bombolulu, kule Kwale. Mlango ulikuwa umefungwa, na madirisha yana nondo. Mlilia, mkazika, mkaahidi. Machi 2001 wakafa wavulana 67 katika shule ya Kyanguli, Machakos, ndani ya bweni lililofurika vitanda. Mlango mmoja ulikuwa umetiwa kufuli, na madirisha, tena, yana nondo. Wanafunzi wawili walishtakiwa kwa kumwaga petroli na kuwasha. Haya, na nondo zilichomelewa na mwanafunzi gani? Shule ile ilikuwa ikitokota: matokeo ya mtihani wa taifa yamefutwa kwa tuhuma za udanganyifu, vijana wana uchungu, na wakubwa wakaona yatapoa yenyewe.

Sisemi anayewachoma wenzake usingizini hana hatia. Anayo, na waliokufa walikuwa watoto vilevile, wengi wao hawakugombana na mtu. Wala si kila anayeonewa hushika kibiriti. Walio wengi humeza tu, wakakua nalo donge lao. Ninachowakemea ni uongo wenu kwamba hamkujua.

Mnajua. Mnajua kwamba mono, yaani mwanafunzi mgeni, akifika shule ya upili huamshwa usiku afue nguo za wakubwa, na akilalamika huambiwa akaze roho, hata sisi tulipitia hayo. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001; nyinyi mkakipitisha mlango wa nyuma, mkawakabidhi viranja kazi ya kutisha wenzao. Mwaka 1999, katika shule ya upili ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa katika vyumba vyao usiku, wakamwagiwa petroli, wakachomwa. Watoto wanne wamekufa kifo kile, na bado mnampa mvulana wa miaka 17 mamlaka ya kuadhibu halafu mnamlaza bweni moja na aliowaadhibu!

Na yule aliyenukuliwa akiwatetea wavulana wa shule ya St. Kizito, Meru, mwaka 1991? Wasichana 19 walikufa usiku ule wavulana walipovamia bweni lao, na makumi walibakwa. Kiongozi wa shule akasema wavulana hawakukusudia kuwadhuru, walitaka kubaka tu. Tu! Mtoto aliyelelewa ndani ya neno hilo mlitaka ajifunze wapi kwamba mwili wa mwenzake una heshima?

Moto nao walifundishwa. Mwizi wa kuku akishikwa sokoni, anayeleta tairi si mwanafunzi. Mwaka 2008, siku ya kwanza ya mwaka, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa watu wakiwa ndani, na waliochoma walikuwa watu wazima wenye hasira ya kura. Watoto walitazama, wakaona kwamba aliyeungwa mkono na kundi haulizwi. Kisha wakaja shuleni wakaona jambo la pili: ukiandika barua kuhusu maharagwe yenye wadudu, unasimamishwa masomo, ukichoma bweni, waziri anakuja kwa gari, mkuu anahamishwa, wote mnarudi nyumbani kabla ya mtihani wa majaribio. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 ziliungua. Hesabu ya barua na moto waliifanya wenyewe, na jibu waliloandika ndilo mliloweka ubaoni.

Nanyi wazazi, msijifiche nyuma ya karo. Msichana anapiga simu siku ya Jumapili, analia, anataka kuhamishwa. Mnamjibu kwamba shule hiyo ni ya watoto wenye bahati, na simu inakatwa. Mmoja aliyechoma bweni jijini Nairobi mwaka 2017, wakafa wenzake 10, alikuwa kidato cha kwanza, na mahakamani ilielezwa kuwa hakutaka kukaa shule ile.

Tena dawa ya moto huu haijafichwa. Tume zimekaa, ripoti zimeandikwa, na mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama: milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, bweni lisifungwe wanafunzi wakiwa ndani. Nami naongeza: mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi ili awe na saa ya kukaa na mtoto mmoja. Kiranja aondolewe adhabu mkononi. Anayesema kwamba kuna njama bwenini asitajwe mbele ya gwaride. Malalamiko ya chakula yajibiwe wiki ileile, hata kama jibu ni kwamba pesa hazipo.

Kwa hiyo acheni kuunda tume nyingine. Mwalimu mkuu, leo usiku saa nne, ukishazima taa: ufunguo wa mlango wa pili wa bweni uko kwa nani, na yeye analala wapi?