Kukosa na Kukosea: Mtoto, Kulungu na Suala la Kosa Lisilokusudiwa

Katika "The Old People", mojawapo ya hadithi zilizomo katika Go Down, Moses (1942) ya William Faulkner, Isaac McCaslin, mvulana wa miaka 12, anamuua kulungu wake wa kwanza katika msitu wa Mississippi. Sam Fathers, mzee aliyemfunza kuwinda, anampaka damu ya mnyama huyo usoni. Tendo hili ni jando: damu inamtoa mtoto utotoni. Desturi za wawindaji wa kusini mwa Marekani zina upande wa pili pia, kwani anayemkosa kulungu hukatwa kipande cha shati na kuchekwa. Aliyepata ana ibada yake, na aliyekosa ana yake. Ibada hizi hazisemi lolote kuhusu mtoto wa tatu: yule aliyelenga barabara lakini akampiga mnyama asiyepaswa. Makala haya yanamchunguza mtoto huyo, na wajibu wa mtu mzima aliyempeleka mwituni.

Kiswahili kinatoa mwanga juu ya suala hili. Kutokana na mzizi mmoja tunapata kukosa shabaha, kukosea na kukosana. Kigiriki nacho kilikuwa na hamartia, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kukosa shabaha. Aristotle alilitumia katika Poetics kuelezea kosa la mhusika wa tanzia ambaye si mwovu. Lugha zote mbili zinakiri kwamba kosa halihitaji moyo mbaya ili litendeke.

Chukua mfano wa kulungu wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini. Dume wake, tofauti na kulungu wa Afrika Mashariki, huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Dume ambaye hajatimiza mwaka huwa na vinundu tu chini ya ngozi ya kichwa, na kwa mbali hufanana na jike. Sheria za majimbo mengi humhesabu pamoja na majike, katika fungu la wasio na pembe. Lakini kambi nyingi huafikiana kuwaacha madume wachanga wakue. Mtoto aliyeruhusiwa kupiga jike anafyatua risasi, kisha anaukaribia mzoga na kupapasa kichwa. Vidole vyake ndivyo vinavyompasha habari. Sheria haijavunjwa, ahadi imevunjwa.

Katika kitabu cha tatu cha Nicomachean Ethics, Aristotle anamtenganisha atendaye kwa kutojua kisha akajuta na yule asiyejuta: ni wa kwanza tu ambaye tendo lake lilikuwa kinyume cha hiari yake. Hata hivyo, anaongeza kwamba kutojua kunakotokana na uzembe kunastahili lawama. Uzembe wa nani? Ikiwa mtu mzima ndiye aliyechagua mahali pa kuotea, akakubali mwanga hafifu wa magharibi na kunong'ona "piga", basi sehemu kubwa ya lawama ni yake.

Huenda ikadaiwa kwamba mtoto aambiwe "si kitu" na jambo liishe. Bernard Williams, katika Moral Luck (1981), anatoa mfano wa dereva aliyemuua mtoto barabarani pasipo kosa lake. Majuto ya dereva huyo si sawa na ya mtazamaji, na tungemtilia shaka iwapo angefarijika upesi mno. Vivyo hivyo, kumfuta mtoto machozi kabla hajaelewa alichotenda ni kumnyang'anya tendo lake.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, anaweza kuuliza iwapo kosa halikuanza pale mtoto alipokabidhiwa bunduki. Swali hilo ni halali, na linauongezea uzito mjadala huu. Kwa kulungu hakuna tofauti kati ya aliyekosea na aliyekusudia. Kwa hivyo anayedai kwamba tofauti hiyo ina maana hana budi kuithibitisha kwa vitendo.

The Yearling (1938) ya Marjorie Kinnan Rawlings inaonyesha jinsi hili linavyoweza kupotoka. Mama yake Jody, asiye mahiri wa bunduki, anampiga kulungu aliyelelewa na mwanawe na kumjeruhi tu. Jody ndiye anayelazimika kummaliza. Deni la mtu mzima linalipwa na mtoto. Mwindaji mwadilifu hufanya kinyume chake: humchuna mnyama pamoja na mtoto, nyama isipotee, kisha husimama naye mbele ya wenzao kambini na kusema, "Tulikosea." Wingi huo si uongo wa huruma, maana kweli walikuwa wawili.

Methali yasema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii inairuka hatua moja iliyo kati ya kukosea na kurudia, nayo ni kukiri. Mtoto anayeadhibiwa au kuchekwa kwa kosa ambalo hakulikusudia anaweza kujifunza kulizika mzoga na yote kabla hajajifunza kutolirudia. Kosa la awali halikukusudiwa, lakini kulificha hukusudiwa. Ndiyo maana jibu la kwanza la mtu mzima, pale mtoto anapoinua mkono kutoka kwenye kichwa cha mnyama na kumtazama, ni sehemu ya tendo lenyewe.