Mikono ya Esau

Somo: Mwanzo 27:1-29, Kumbukumbu 19:15

Wapendwa, tukisoma habari za mzee Isaka wengi hucheka, ati mtu mzima amedanganywa kwa ngozi ya mbuzi. Mimi sicheki. Kazi yangu hapa Malindi ni ufundi wa simu, na karibu kila siku nakaa alipokaa Isaka: mtu yuko mbele yangu anasema "ni mimi," nami sina jicho la kuuona moyo wake.

"Fundi, nimesahau paswadi." Mama wa Marafa husema hivyo, na mwizi husema hivyo hivyo. Basi ndugu huniuliza: wewe umeokoka, mbona unamdai mama wa watu risiti kama mshukiwa? Upendo si ni kuaminiana?

Nionavyo, mezani pangu tuko watatu. Niko mimi, yuko aliyeleta simu, na huenda yuko mwenye simu ambaye hajui kama iko hapa. Isaka alikuwa na mwana mmoja mbele yake, kumbe yule aliyekusudia kumbariki yuko porini anawinda. Nikimfungulia yeyote anayelia, nitakuwa nimetoa sadaka kwa mali ya mwingine. Na ndani ya simu mna M-Pesa, mna picha za watoto, mna siri za ndoa.

Kuna vipimo. Boksi lina namba ya IMEI, tarakimu 15, nalinganisha na ya simu. (Kuibadilisha namba hiyo ni kosa kwa sheria ya Kenya, usinijie na ombi hilo hata kwa jina la Yesu.) Halafu simu nyingi za Android tangu 2015, ukizifuta kila kitu, bado zinauliza akaunti ya Google iliyokuwemo. Aliyesahau kweli anaweza kuirudisha akaunti yake, hasa kama aliiandikisha namba yake ya simu.

Lakini mama wa Marafa hana boksi. Simu alitumiwa na mwanawe aliye kazini Saudia, akaunti alifunguliwa na kijana wa dukani. Hapo ndipo vipimo vyangu vinaniuma, kwa sababu asiye na karatasi mara nyingi ni maskini, na mjanja hakosi karatasi. Yakobo naye alikuja na kila kitu: nguo, harufu, nywele za mikononi. Sauti tu ndiyo iliyomshtaki, na mzee akaiacha akafuata mikono.

Kwa hiyo pale karatasi inapokosekana natafuta watu, mashahidi wawili au watatu kama torati inavyosema. "Mama, mwanao umemwandika jina gani humu?" Kisha tunamwomba mwana apige. Kama simu haikuzimwa, jina litatokea kwenye kioo hata ikiwa imefungwa. Na jirani wa kanisani akija naye, ni bora zaidi. Ukiombwa kumsindikiza mtu hivyo, tafadhali nenda, usiseme fundi anaringa.

Asiye na shahidi hata mmoja bado ananisumbua. Simu yake siifungui, na mwizi simwiti. Naandika jina lake, naiweka kwenye droo, namwambia aje tena.