Kazi ya Wawili, Sifa ya Mmoja

Watu wawili wakilima shamba moja, na siku ya mavuno akaitwa mmoja tu kupokea sifa, kila mwenye akili ataona ya kuwa pana dhuluma. Lakini liko swali la pili, na hapo wengi husita: dhuluma hiyo ikiisha kupita miaka mingi, nao walioitenda wamekwisha kuondoka, je, wanaokalia viti vyao leo wapaswa kuitengeneza? Swali hili lilizuka Marekani mwaka 2013 katika kazi ya usanifu wa majengo, yaani kazi ya kubuni majumba na kuyachora kabla waashi hawajayajenga, nasi twataka kulipima pamoja na wasomaji wetu.

Bibi Denise Scott Brown alizaliwa mwaka 1931 huko Nkana, katika nchi iitwayo leo Zambia, akalelewa Johannesburg. Mwaka 1967 aliolewa na Bwana Robert Venturi, msanifu wa Philadelphia, akawa mshirika katika ofisi yake. Walibuni majengo pamoja, na mwaka 1972, wao na mwenzao Steven Izenour, walitoa kitabu mashuhuri juu ya mji wa Las Vegas. Hata hivyo, mwaka 1991 Zawadi ya Pritzker, ambayo wasanifu huihesabu kuwa heshima kuu ya kazi yao, ilipewa Bwana Venturi peke yake. Mkewe hakwenda kwenye sherehe. Naye alikuwa ameiona hali hiyo zamani: mwaka 1975 aliandika makala juu ya wanawake wanaofichwa nyuma ya jina la mwanamume mmoja, lakini hakuyatoa mpaka mwaka 1989, kwa kuogopa yasije yakamharibia kazi yeye na ofisi yao.

Mwaka 2013 wanafunzi wanawake wa chuo kikuu cha Harvard waliandika barua ya kuomba atambuliwe katika zawadi ile. Watu maelfu walitia sahihi, na Bwana Venturi mwenyewe alikuwa mmoja wao. Baraza la waamuzi likajibu ya kwamba waamuzi wa leo hawawezi kuifungua tena kazi ya waamuzi waliotangulia.

Tusiidharau hoja hiyo. Hukumu isiyo na mwisho si hukumu. Kama walimu tungekubali kusahihisha upya mitihani ya miaka iliyopita kila mzazi anaponung'unika, cheti cha shule kisingekuwa na thamani.

Walakini twaona hoja hiyo haikuligusa ombi lenyewe. Walioomba hawakusema Bwana Venturi hakustahili, wala hawakutaka kazi ipimwe mara ya pili. Kazi ni ile ile. Kilichopunguka ni jina la mmoja wa walioifanya. Tena maneno ya waamuzi wa 1991 yalimtaja bibi huyu kuwa mwenziwe katika vitabu na katika majengo. Mwalimu akiona ya kuwa jina la mtoto aliyefaulu liliachwa katika daftari la shule, haongezi maksi wala hapunguzi. Aliandika jina, basi. Huko si kuivunja hukumu ya aliyemtangulia, bali ni kuikamilisha.

Na njia ipo. Chama cha wasanifu wa Marekani kilikuwa na sheria ya kuwa nishani yake ya dhahabu hupewa mtu mmoja. Mwaka 2013 kiliigeuza sheria hiyo ili wawili waweze kuipokea pamoja, na mwaka 2016 Bwana Venturi na Bibi Scott Brown waliipokea wote wawili. Kabla ya hapo, mwaka 2014, chama kilimpa nishani hiyo Julia Morgan, aliyebuni majengo zaidi ya 700. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata, naye alikuwa amekufa tangu mwaka 1957.

Mtu atauliza, heshima yamfaa nini aliye kaburini? Twajibu: yawafaa mabinti walio darasani. Msichana asikiaye ya kuwa kazi ya mwanamke huandikwa jina la mumewe, atajitahidi kwa ajili ya nini? Na mvulana asikiaye hayo, atajifunza nini ila kupokea kisicho chake bila haya?

Arithiye nyumba hurithi na madeni yake. Waamuzi wa leo hawakuipatia zawadi yao utukufu wote ilio nao. Sehemu kubwa waliipokea kwa waliowatangulia, nao waufurahia. Haiwi haki kuupokea utukufu wa wazee na kuyakana makosa yao. Kadhalika kila baraza, kila shule na kila nyumba: tukiona jina lililoachwa, tusiulize kwanza ni nani aliyeliacha, bali tulitafutie mahali pake. Dawa ya deni ni kulipa.