Hasira za Kazini Huishia Wapi?

Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika makala juu ya jambo waliloliita akili ya hisia. Na mwaka 1995 Daniel Goleman akalieneza kwa kitabu chake. Maana yake ni mtu kuzijua hisia zake na za wenziwe, na kuziongoza. Tangu hapo wakubwa wa makampuni hawaishi kulitaja, kwani mfanyakazi asiyepandwa na hasira upesi hufaa kazini.

Hatuna ugomvi na maneno hayo. Mtume s.a.w. alikwisha kumkataza kadhi asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa amekasirika, na kadhi naye yuko kazini. Lakini je, kila azuiaye hasira kazini ni mpole?

Mtazame karani wa afisi. Mkubwa wake humkemea mbele za watu, naye hujibu, "Naam, bwana." Mteja humtukana, naye hutabasamu. Jioni arudi nyumbani akute chai imepoa kidogo, basi msichana wa kazi ataitwa majina yasiyoandikika hapa. Hasira ile haikufa. Ilichukuliwa njia nzima mpaka pale ambapo haina gharama. (Na karani huyu tusimtafute mbali. Baadhi yetu tunakula naye sinia moja, na baadhi yetu ndio yeye.)

Mtu atasema kumnyamazia mkubwa ni busara, kwani ana watoto wa kulisha. Ni kweli, wala simlaumu. Ila hiyo ni hofu ya kukosa mshahara, na hofu ikiondoka upole nao huondoka. Katika Sura ya Aali Imran, aya ya 134, wenye kuzuia ghadhabu wametajwa pamoja na wenye kuwasamehe watu. Karani wetu amefanya la kwanza, la pili hajalifikia, na lililobaki kifuani analimwagia asiyehusika.

Anas bin Malik r.a. alimtumikia Mtume s.a.w. miaka 10 tangu utotoni. Alisimulia kuwa hakupata kuguniwa hata mara moja, wala kuulizwa kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Na mtoto akitumwa hukosea, sote twajua. Hapo aliyezuia ni mwenye amri, tena hakuwa na mwajiri wa kumwogopa.

Basi mwenye kampuni akitaka kujua upole wa karani wake, na amwulize yule msichana aliyeleta chai. Na karani naye akiulizwa habari za mwenye kampuni, atajibu nini?